Mama mkwe kanunua mawaridi mekundu ya meza zote, mi nilitaka ya pinki

Shikamoo Anti,

Naomba unijibu mapema maana siku zinakimbia na usingizi wenyewe siku hizi naupata kwa shida. Mwezi ujao naolewa. Ni harusi ndogo tu ya watu 30, ndugu wa karibu na marafiki wachache, mimi na mchumba wangu tulikubaliana toka mwanzo hatutaki makubwa, tunafunga ndoa bustanini saa kumi jioni alafu hapo hapo tunakaa mezani mpaka usiku, meza 5 za watu sita sita, mishumaa, muziki wa taratibu, basi. Kitu pekee nilichokuwa nakiota toka zamani ni mawaridi, sitaki maua mengine, mawaridi tu kila kona, pinki ile iliyofifia kabisa imechanganyika na krimu, maana hata gauni langu ni la krimu sio jeupe pee. Rafiki yangu ana mkono mzuri wa maua, kajitolea kunitengenezea shada langu, mashada ya wapambe wangu wawili na yale maua ya kubandika kwenye makoti.

Sasa wiki iliyopita mama mkwe kaja na furaha zake kabeba maboksi, kufungua ni mawaridi ya kitambaa, mekundu ndu, mengi sana, anasema hiyo ndo zawadi yake kwetu na meza zote atazipamba yeye mwenyewe kwa mikono yake. Anti nilishukuru, nikatabasamu, alipoondoka nikaingia chumbani nikalia. Sio kwamba ni mabaya, yametengenezwa vizuri tu, ila wekundu ule nikiuweka kichwani karibu na pinki yangu naona kama harusi mbili za watu wawili zimegongana bustani moja. Nikimwambia mchumba wangu anasema maua ni maua, mwache mama afurahi. Na mama mkwe ananipenda kwelikweli, hajawahi kunikosea hata siku moja, ndo maana nashindwa hata pa kuanzia.

Nimwambie au ninyamaze? Na yakibaki, nafanyaje maua ya mezani, ya mkononi na ya makoti yaonekane ni ya harusi moja? Alafu rafiki yangu hajawahi kufanya harusi nzima, hatujui tununue mangapi, tununue lini na yakae wapi yasije yakanyauka kabla ya saa kumi haijafika. Na dogo la mwisho, shada langu nikitaka kulitunza baada ya harusi inawezekana?

Ni mimi, bibi harusi mtarajiwa

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nimeisoma barua yako mara mbili na kilichonifurahisha ni kwamba mnapendana na huyo mama, yaani hapa hakuna ugomvi, kuna rangi tu, na rangi mwanangu zinapangika. Kwahiyo futa machozi.

Usinyamaze. Ukinyamaza utakaa mezani siku yako umeyakodolea macho mawaridi mekundu jioni nzima na mama wa watu atakuona usoni. Ila usiende kumwambia "mama hayafanani na yangu", maana hapo atasikia zawadi yake imekataliwa. Nenda na mchumba wako, muende ana kwa ana, isiwe kwa meseji, na mchumba wako ndo aanze kuongea kwasababu ni mama yake, neno lile lile likitoka kwa mtoto ni ombi, likitoka kwa mkwe linaweza kusikika kama amri. Na umwambie huyo kijana, kwa upendo lakini umwambie, kwamba sentensi ya maua ni maua aiache, wewe umeomba kitu kimoja tu kwenye harusi nzima.

Mtakachomwambia mama ni ukweli mtupu, hamna haja ya kutunga. Sherehe yenu inaanza jua likiwepo na inaishia gizani. Nyekundu iliyokolea inapendeza sana mchana, ila giza likianza kuingia ndo rangi ya kwanza kuzimika machoni, waridi jekundu ndu kwenye mwanga hafifu linageuka jeusi jeusi, na kwenye picha hata petali huzioni tena unaona donge moja la giza. Pinki iliyofifia na krimu ni kinyume chake, jioni ndo zinang'aa. Kwahiyo mekundu ya mama mahali pake sio mezani usiku, mahali pake ni mlangoni, pale watu wanapoingilia bustanini saa tisa na nusu jua bado kali. Mpeni mama mlango wote. Kama mna tao la kupitia alipambe lote, kama hamna basi nguzo mbili za kuingilia au kamba ya majani inayoning'inia, na mawaridi yake yote yakae pale yamesongamana. Mwambie mama, wageni wote wa mwanao watapokelewa na maua yako kabla hawajaona kitu kingine chochote. Kuna mama gani atakataa hilo?

Na mlangoni kuna faida nyingine, maua ya kitambaa hata yawe mazuri namna gani, mtu akikaa nayo mezani nusu mita kutoka usoni kwake masaa manne mazima atajua sio freshi, atayashika, atayanusa, hayana harufu. Ila mtu anayepita anatembea, yakiwa juu ya kichwa chake, haoni tofauti. Kabla ya kuyafunga yatoeni kwenye maboksi siku kadhaa mapema, yanakuwaga yamekunjamana, yapitisheni juu ya mvuke wa birika linalochemka kwa umbali kidogo alafu mfungue petali moja moja kwa vidole na mpinde vikonyo kila kimoja kielekee upande wake, maua yote yakitazama upande mmoja hapo ndo yanajisema kuwa ni ya dukani. Ila hakikisheni ni kitambaa kweli, ya plastiki mvuke unayaharibu.

Sasa kwenye kufanana, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko kote. Wewe unafikiri kufanana ni kila ua liwe rangi ile ile. Sivyo. Watoto wa mama mmoja wanafanana na hakuna anayewachanganya majina, kuna kitu kimoja tu kinapita kwenye nyuso zao zote, pua au macho, na hicho ndo unachokitafuta kwenye maua yako. Harusi ambayo kila kitu ni pinki ile ile moja kwenye picha inakuwa bapa, jicho halina pa kushika.

Mi ningekushauri hivi. Nyekundu iwe mlangoni, na rangi iwe inalainika kadri mtu anavyokusogelea wewe. Anaingia anakutana na nyekundu. Anafika mezani anakuta pinki iliyokolea kidogo, ya katikati, imechanganyika na ile yako iliyofifia. Anakuona wewe umeshika shada la pinki iliyofifia na krimu peke yake, lile lile uliloliota, halijaguswa. Mtu hatajua kwanini bustani imemtulia machoni, ila itakuwa imemtulia kwasababu hakuna mahali ambapo nyekundu imebanana na pinki ile dhaifu, katikati kuna daraja. Hiyo pinki ya katikati ndo inayokosekana kwenye mpango wako wa sasa, bila hiyo pinki, nyekundu itaimeza pinki yako hata zikiwa mita kumi mbali.

Alafu utepe. Nunua utepe wa aina moja, rangi ya damu ya mzee, wa kitambaa kizito kama mahameli ukiupata, na uufunge kila mahali: kwenye mkono wa shada lako, kwenye mashada ya wapambe, kwenye shingo za vyombo vya mezani, kauzi kembamba kwenye ua la koti la bwana harusi, na ule ule ufungwe mlangoni kwenye mawaridi ya mama. Damu ya mzee iko jirani na nyekundu ya mama na pia inakaa vizuri na pinki, kwahiyo utepe huo ndo pua ya familia. Na majani vile vile, chagua aina moja ya majani, mawili mwisho, na yaleyale yarudie mlangoni, mezani na mkononi. Watu wengi wanahangaika na maua wanasahau majani wakati majani ndo yanayounganisha kuliko hata maua, mlangoni maua ya kitambaa yakichanganywa na majani mabichi ya kweli, ukavu wake unapungua kabisa.

Usinunue mawaridi kwa kutaja rangi. Ukimwambia muuza maua nataka pinki iliyofifia atakuletea pinki yake yeye. Mawaridi yana majina ya aina, muulize jina la aina hiyo uliandike, alafu uagize kwa jina, na umwambie yote yatoke mzigo mmoja siku moja, kwasababu hata aina moja ikitoka mashamba mawili au misimu miwili rangi zinapishana. Ukienda kuangalia beba kipande cha kitambaa cha gauni lako, ulizia kwa fundi, mafundi hawakosi vipande vilivyobaki, na uyaangalie nje kwenye mwanga wa jua. Taa za manjano za dukani zinafanya krimu ionekane nyeupe na pinki ionekane pichi, na picha za simu ndo zinadanganya zaidi, usichague rangi kwa picha uliyotumiwa hata siku moja. Na kwa gauni la krimu usikubali mtu akuwekee mawaridi meupe pee mkononi "kwasababu yamebaki", weupe mkali pembeni ya krimu unafanya gauni lionekane limechakaa.

Hesabu yako nimeipiga hivi. Shada lako 18, kwa harusi ndogo linatosha sana na mkono hautachoka. Wapambe wawili 9 kila mmoja, hiyo ni 18 nyingine. Meza 5, kila meza mawaridi 5, jumla 25. Makoti manne, bwana harusi, besti wake na baba wawili. Inakuja 65, ongeza moja kwa kila kumi kwa ajili ya yatakayovunjika au kukataa kufunguka, nunua 72. Pembeni ya hayo nunua mashina 14 ya yale mawaridi madogo ya matawi, yale ambayo shina moja linabeba vichwa kadhaa, mawili mawili kwa kila meza, na mawili ya kutengenezea maua ya mkononi ya mama yako na mama mkwe, yanayobaki ni akiba. Haya madogo yanaokoa sana, yanajaza nafasi bila wewe kuongeza mawaridi makubwa, na wakina mama wasisahaulike jamani, mama mkwe akiwa na waridi la pinki mkononi limefungwa utepe ule ule uliopo mlangoni kwake ataona mwenyewe kuwa yumo ndani ya mpango wako.

Mezani msiweke chombo kimoja kikubwa katikati. Watu sita wanataka kuonana, maua yasivuke sentimita 30 kutoka mezani. Weka vyombo vitatu vidogo vya mdomo mwembamba vya urefu tofauti kidogo, hata chupa za kioo safi, mashina mawili matatu kwa kila kimoja, mishumaa katikati yake ila isiwe chini ya ua moja kwa moja maana joto la moto linachoma petali. Kama chombo kina mdomo mpana na maua yanaangukia pembeni, bandika selotepu nyembamba ya kupitisha mwanga juu ya mdomo kwa mistari ya kukatana iwe kama madirisha madogo, kila ua lipite dirisha lake. Ile sponji ya kijani ya maua hamuihitaji kwa kazi ndogo kama hii, ni plastiki haiozi, na mtu asiyeizoea akiilowesha kwa kuikandamiza katikati panabaki pakavu, ua linakufa kwa kiu limesimama kwenye maji.

Sasa ratiba. Chukulia harusi ni jumamosi, basi mawaridi yafike mikononi mwenu alhamisi asubuhi. Sio ijumaa jioni, mawaridi mengi yanauzwa yamefumba na yanataka siku mbili hivi kufunguka, bibi harusi akishika matumba yaliyofumba shada linaonekana dogo na gumu. Yakifika tu ndoo ziwe tayari, zimeoshwa kwa sabuni zikasuuzwa kweli, maana adui wa waridi sio jua peke yake ni uchafu wa kwenye maji, vijidudu vinaziba mirija ya shina maji hayapandi. Ng'oa majani yote yatakayozama, kata chini sentimita 2 au 3 kwa mshazari kwa kisu kikali, ingiza kwenye maji hapo hapo usiliache shina likae hewani, weka na ile pakiti ya chakula cha maua ukipewa dukani. Yaache chumba chenye ubaridi na giza giza masaa yasiyopungua manne, usiku kucha ndo vizuri, ndo muanze kuyashika. Petali za nje kabisa zilizokunjamana au zenye kijani kijani ni za kulinda ua zikiwa safarini, mbili tatu zitoeni taratibu, sio ugonjwa.

Usiyaweke kwenye friji lenye matunda. Matunda yanayoiva yanatoa hewa fulani inayozeesha maua haraka, mtu analaumu muuza maua kumbe ni ndizi. Ukiona waridi limeinamisha kichwa usilitupe, hewa imeziba shina, likate tena chini, lifunge kwenye gazeti limesimama wima, lizamishe shina kwenye maji ya uvuguvugu lisaa limoja au mawili, mengi yananyanyuka.

Ijumaa jioni rafiki yako afunge mashada yote matatu na yarudi majini mpaka mnatoka nyumbani. Afunge kwa kuzungusha, kila shina anapoliongeza liegemee upande ule ule lililoegemea la kwanza huku anageuza shada mkononi, mashina yanatengeneza mzunguko chini na maua juu yanakaa duara lenyewe bila kulazimishwa. Miiba aitoe ile ya sehemu ya kushikia tu, akichuna shina zima anachubua ganda na ua linadhoofika. Mwambie ajifunzie mapema, anunue bando moja wiki mbili kabla ya harusi, la aina ile ile mtakayotumia, afunge afungue mpaka mkono ukubali, na mtumie bando hilo kuhesabu yanachukua siku ngapi kufunguka kwenye hali ya hewa ya kwenu. Hili la bando la majaribio msiliruke hata kama pesa inabana, ndo litakalowaambia kama alhamisi inawatosha au ije jumatano.

Maua ya makoti yafanyike jumamosi asubuhi, mwisho kabisa, kwasababu hayo hayana maji. Yafungiwe kwenye kopo lenye karatasi laini iliyoloweshwa kidogo, yabandikwe kushoto muda mchache kabla ya kutoka, na mtu asiwakumbatie akina baba kwa nguvu kabla ya picha. Meza zipambwe mwishoni, saa tisa hivi, mnachukua vyombo vimeshapangwa mnaviweka tu. Na shada lako kila ukipumzika lirudi kwenye glasi ya maji, mpe mpambe mmoja hiyo kazi. Pinki iliyofifia na krimu zinaonyesha kila alama ya kidole kama kovu la kahawia, kwahiyo watu washike mashina tu, petali hapana, wewe ukiwemo.

Kuhusu kulitunza, inawezekana. Kesho yake asubuhi, usisubiri yanyauke, lining'inize kichwa chini kwenye chumba kikavu chenye giza na hewa inayopita, wiki mbili hadi tatu. Krimu itageuka rangi ya chai ya maziwa na pinki itakolea kidogo, hiyo ni kawaida. Utepe utoe kabla ya kulining'iniza maana unashika unyevu na mashina yanaota ukungu, ukikauka kila kitu ndo uufunge tena.